Sarafina Hakufika Mazimbu

Nianze na la kuwaudhi watu wa rika langu: Sarafina! si filamu ya Juni 16. Najua ndiyo inayorushwa kwenye televisheni kila inapokaribia Siku ya Mtoto wa Afrika. Najua watoto wa shule wanaicheza kwenye mahafali, sare zimepigwa pasi, ngumi juu. Najua pia kwamba hapa Morogoro wapo akina dada walioitwa Sarafina kwa sababu mama zao waliiona filamu ile wakiwa na ujauzito. Baadhi ya akina mama hao waliionea kwangu.

Miaka ya tisini nilikuwa na banda la video Kihonda. Mabati juu, maturubai ubavuni, mabenchi nyuma na mkeka mbele kwa ajili ya watoto wa mchana. Televisheni moja ya Kijapani, na deki ambayo kichwa chake kilisafishwa kwa spiriti kila jioni, la sivyo picha ilikuwa chenga tupu. Asubuhi kijana wangu aliandika ubao kwa chaki na kuutundika kwenye mwembe wa njia panda. Filamu za ngumi zilikuwa na siku zao, za Kihindi zilikuwa na siku zao. Lakini ukiandika "SARAFINA: WANAFUNZI NA MAKABURU", hukuwa na haja ya kueleza zaidi. Watu wa Morogoro walikuwa na sababu yao ya kujaa, nitaifikia.

Filamu hii naijua kama kondakta anavyojua njia yake. Nimeisikia nikiwa mlangoni nakusanya viingilio mara nyingi kuliko nilivyoitazama. Na ninaipenda, tusielewane vibaya. Ninacholalamikia ni kazi tunayoibebesha.

Sarafina! ilizaliwa jukwaani. Mbongeni Ngema aliitunga, Hugh Masekela akashiriki kwenye muziki, na mwaka 1987 ikaanza kuonyeshwa Market Theatre, Johannesburg. Mwaka uliofuata ilikuwa Broadway, New York, ikakaa huko hadi 1990. Filamu ilitoka 1992 chini ya mwongozaji Darrell James Roodt: Leleti Khumalo ni Sarafina, Whoopi Goldberg ni mwalimu wa historia, Miriam Makeba ni mama mtu anayefanya kazi za ndani kwa Wazungu. Ukizitazama tarehe hizo utaona mchezo huu ulipikwa ndani ya hali ya hatari ya 1985 na 1986, magari ya deraya mitaani, wanajeshi milangoni mwa shule. Wanafunzi kwenye filamu wanamchoma moto askari mweusi mwenye kuwachongea. Sarafina anazungumza na picha ya Mandela ukutani, anamwota, anataka shule iigize siku ya kufunguliwa kwake. Hiyo ni miaka ya themanini. Wanafunzi wa 1976 walikuwa watoto wa Mwamko wa Watu Weusi, watoto wa akina Steve Biko. Mandela alikuwa Robben Island tangu 1964 na hata picha yake ilipigwa marufuku. Kampeni kubwa ya kutaka afunguliwe ilipamba moto kuanzia 1980.

Ngema aliunganisha vizazi viwili kwenye jukwaa moja, na msanii ana ruhusa hiyo. Tatizo ni letu sisi tunaomwambia mtoto wa darasa la sita kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa Soweto, kisha tunamnunulia soda na kumrudisha nyumbani.

Chanzo cha yale maandamano ya Soweto ya Juni 16, 1976 ni kitu kikavu ambacho mwandishi yeyote wa filamu angekikwepa: waraka wa elimu. Mwaka 1974 serikali ya makaburu iliagiza kwamba katika shule za Weusi hesabu na maarifa ya jamii zifundishwe kwa Kiafrikaans, na baadhi ya masomo mengine yabaki kwenye Kiingereza. Walimu wengi wenyewe hawakukijua Kiafrikaans kwa kiwango cha kufundishia. Mei 1976 wanafunzi wa Orlando West wakagoma. Juni 13 wawakilishi wa shule mbalimbali wakakutana Orlando, na pale Tsietsi Mashinini, kijana wa miaka 19 kutoka shule ya Morris Isaacson, akawa sauti ya wazo la kuandamana. Sijui kama kuna Mtanzania aliyepita kidato cha kwanza ambaye anahitaji kutafsiriwa waraka ule. Sisi tuliotoka kwenye hesabu za Kiswahili tukakutana ghafla na hesabu za Kiingereza, mwalimu mwenyewe akirudi kwenye Kiswahili kila mlango ukifungwa, tunajua mtoto anavyojisikia mjinga kwenye somo alilokuwa akiliweza. Tofauti ni kwamba hatukupigwa risasi. Basi mwenye kutengeneza filamu angeweza kukaa darasani kwa dakika kumi tu, mwanafunzi mbele ya ubao, swali la sehemu na asilimia kwa lugha ya bwana, na ukumbi mzima hapa kwetu ungeelewa kabla bango la kwanza halijainuliwa. Hakuna aliyefanya hivyo. Kwenye Sarafina! moto unawashwa na kukamatwa kwa mwalimu kipenzi. Ni kisa kizuri, ila ni kingine.

Jumatano ya Juni 16 ilikuwa asubuhi ya baridi. Maelfu walitoka na sare zao, mabango wameyaandika kwenye maboksi, wakielekea uwanja wa Orlando. Wengi hawakuwaaga wazazi. Polisi waliwakabili Orlando West: gesi ya machozi, mbwa, kisha risasi za moto. Hastings Ndlovu, miaka 15, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupigwa. Hector Pieterson, miaka 12, alianguka karibu na kona ya barabara za Moema na Vilakazi. Kijana aliyekuwa jirani, Mbuyisa Makhubo, alimbeba na kukimbia naye, dada yake Hector akikimbia pembeni mkono umeinuliwa. Sam Nzima wa gazeti la The World alipiga picha hiyo, akachomoa filamu kwenye kamera na kuificha ndani ya soksi. Mwandishi mwenzake, Sophie Tema, alikuwepo na gari la gazeti, na ndilo lililompeleka mtoto kliniki. Alikuwa ameshakata roho.

Serikali ilisema siku ile walikufa 23. Tume ya Cillié, iliyoundwa na serikali hiyo hiyo, ilihesabu vifo 575 kufikia mwisho wa Februari 1977, kwa sababu moto haukukaa Soweto. Ulienda hadi Cape. Gazeti la The World lilifungwa Oktoba 1977. Nzima aliacha kazi na kurudi kijijini kwao kwa kuandamwa na polisi, na haki miliki ya picha aliyoipiga hakuipata hadi 1998. Makhubo alikimbia nchi. Barua ya mwisho ambayo mama yake aliipokea ilitoka Nigeria mwaka 1978, na yule mama alifariki 2004 akiwa bado hajui mwanawe yuko wapi. Kosa la Makhubo lilikuwa kumbeba mtoto.

Kwenye mabanda ya video kuna sheria kila mtoto anaijua: steringi hafi. Ukimwona amezungukwa na watu hamsini, usijali, tazama saa, kama bado nusu saa basi atatoka. Sarafina ni steringi wa namna hiyo. Anapigwa, anateswa mahabusu, anatoka, na filamu inamtunza kwa sababu mwishoni kuna onyesho la kucheza na kuimba ambalo haliwezekani bila yeye. Sasa mchukue Hector. Hakuwa kiongozi, hakuwa mzungumzaji, wala hakuwa mwanafunzi wa sekondari. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi aliyejikuta katikati ya wakubwa. Ukimfanya yeye steringi, filamu yako imekwisha dakika ya ishirini. Waongozaji wanalijua hilo, ndiyo maana kila aliyeigusa siku ile alitafuta steringi mwingine.

Richard Attenborough alimpata Mzungu. Cry Freedom, ya mwaka 1987, inamhusu Biko kwa jina. Denzel Washington anamwigiza vizuri, hata sasa nikiitazama nasisimka. Lakini Biko anakufa filamu ikiwa katikati, na kinachobaki ni mhariri Donald Woods, anayeigizwa na Kevin Kline, akiitoroka nchi na familia yake akiwa amevaa kama padri. Maandamano ya Soweto yamo, yamepigwa Zimbabwe kwa kuwa Afrika Kusini haikuingilika, na yamepigwa kwa nguvu. Tatizo ni mahali yalipowekwa. Yanakuja mwishoni kabisa, kama kumbukumbu, wakati ndege ya akina Woods inawapeleka kwenye usalama. Watoto wanaanguka, ndege inapaa. Biko alikufa Septemba 1977 na Woods akatoroka mwishoni mwa mwaka huo, kwa hiyo ilibidi historia irudishwe nyuma mwaka mzima na zaidi ili vifo vya watoto vipate kusindikiza safari ya familia ile. Kisha yanapita majina ya waliofia mikononi mwa polisi, na hapo namvulia kofia Attenborough, kwa sababu watu banda zima walinyamaza hata wasiojua kusoma.

Aliyeyapiga maandamano yenyewe vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Euzhan Palcy, mama wa Martinique, kwenye A Dry White Season ya 1989. Huyu aliingia Soweto kwa kujifanya mwanamuziki ili awasikilize waliokuwepo. Inaonekana. Watoto wake wanaandamana kama watoto: wanacheka, wanasukumana, mmoja anatazama kando kuona kama mwenzake anamwona. Risasi zinapoanza kamera haipandi juu kutuonyesha umati. Inabaki kimo cha mtoto. Lakini hata Palcy alikuwa na riwaya ya André Brink mkononi na studio ya Hollywood mgongoni, kwa hiyo muda si mrefu tunarudi kwenye sebule ya mwalimu Mzungu ambaye dhamiri inamsumbua, na Marlon Brando anaingia mahakamani kuchukua sifa.

Filamu zote tatu zinasimama mahali pamoja. Risasi, mbio, kilio, kisha kila mtunzi anashika njia yake: ndege, mahakama, ngoma. Mimi ni mtu wa Morogoro na swali langu ni la kijinga kidogo. Wale waliokimbia walikimbilia wapi?

Walikimbilia huku. Si wote, na si moja kwa moja. Maelfu walivuka mipaka ya Botswana na Swaziland, wengine Msumbiji, wengi wakiwa na nguo walizovaa. Chama cha ANC kilichokuwa uhamishoni hakikutarajia kupokea watoto. Kilikuwa na makambi ya kijeshi na ofisi. Baadhi walipelekwa Angola kufunzwa bunduki. Wengine walionekana bado ni wa kusoma, na hapo Tanzania, iliyokuwa mwenyeji wa ANC hapa Morogoro tangu miaka ya sitini na ambako chama hicho kilifanya mkutano wake mkubwa wa 1969, ikatoa shamba la katani lililoachwa pale Mazimbu, nje kidogo ya mji. Ilikuwa 1977. Nyumba za zamani za mkonge zikakarabatiwa, zikajengwa nyingine, na shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Ilikuja kuwa na shule ya msingi, malezi ya watoto wachanga, hospitali, kiwanda cha samani, cherehani, mashamba na mifugo. Mji mzima ndani ya mji wetu.

Julai 1992, baada ya ANC kufunguliwa na watu kuanza kurudi kwao, Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali yetu na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Sarafina! ilitoka mwaka huo huo. Kanda ilipofika Kihonda wenyewe walikuwa wameshaondoka, na hiyo ndiyo sababu niliyosema ya watu kujaa. Hawakuja kuwaangalia wageni. Walikuja kuwaangalia majirani waliohama.

Mtafsiri wangu alikuwa amefanya kibarua kwenye mashamba ya Mazimbu. Kiingereza chake alikiokota huko, kikiwa na lafudhi ya Johannesburg na matusi kadhaa ya Kizulu ambayo namshukuru Mungu wateja hawakuyaelewa. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti kimefungwa kwenye mti wa fagio. Filamu za Wachina alizitunga mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Adui wa Hong Kong aliweza kudaiwa kodi ya nyumba Msamvu. Kwenye Sarafina! hakutania. Wanajeshi wakifyatua alibonyeza pozi, picha ikabaki inatetemeka na mstari mweupe katikati, naye akaanza: yupo mmoja aliyekataa kulala kitanda cha karibu na dirisha, yupo mwingine kila akisikia ndege ya kunyunyizia dawa mashambani alijitupa chini, yupo binti aliyekuwa akiwasubiri madereva wa malori wa njia ya Mbeya, kila mmoja anamuuliza kama huko kusini ametoka mtu. Watoto wa kwenye mkeka walipiga kelele, "Achia picha!" Wazee wa nyuma wakawajibu, "Mwacheni aseme."

Siku moja mama aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga mlangoni kwangu aliingia hadi katikati, kikaango amekiacha kwenye moto, akamsahihisha: huyo unayemsema hakuwa wa Soweto, alikuwa wa Durban, na hakuwa na kovu la risasi, lile lilikuwa kovu la kuungua jikoni. Wakabishana. Filamu ikiwa imesimama, watu wametoa pesa zao, hakuna aliyedai kurudishiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na hesabu ya jenereta kichwani, nikawaacha. Kwa kweli ile ilikuwa filamu bora kuliko iliyokuwa ndani ya deki.

Mwaka 2016 Waafrika Kusini wenyewe walisogea mbele. Mandla Dube aliongoza Kalushi, kisa cha Mahlangu, Thabo Rametsi akiwa mhusika mkuu. Hapa maandamano ya 1976 ni mwanzo wa safari. Tunamwona kijana machinga anayepigwa na polisi, anaondoka nchini, anafunzwa Angola, anarudi Juni 1977, na mambo yanaharibika Johannesburg barabara ya Goch ambako raia wawili Wazungu waliuawa. Mahlangu hakufyatua. Mwenzake Mondy Motloung aliyefyatua alikuwa amepigwa hadi hawezi kusimama kizimbani, na mahakama ikambebesha Mahlangu kwa hoja ya nia ya pamoja. Filamu ina haraka mahali inapopaswa kutulia, na muziki wake unakuambia ulie kabla hujataka. Lakini ni ya kwanza kati ya hizi kuuliza kijana aliyekimbia alikwenda wapi na alirudi na nini. Haifiki Mazimbu. Haina kosa, kwani jina la Mahlangu lilifika pale baada ya yeye kunyongwa.

Kwa hiyo kiti kiko wazi, na sioni kwa nini tusubiri Hollywood au hata Johannesburg. Nimeshasikia jibu la watayarishaji wetu: hiyo ni historia ya wenzetu. Nusu yake, ndiyo. Nusu nyingine walioijenga ni wapishi wa Kiluguru, madereva wa Kichagga, wauguzi, mafundi ujenzi, wauza mkaa. Na wapo watoto. Wahamishwa walizaa hapa na wanawake wa hapa. Walipoondoka wapo waliochukua familia zao, na wapo walioahidi kurudi. Wengi wao walikuwa wakitumia majina ya bandia kwa ajili ya usalama, kwa sababu makachero wa makaburu walikuwa na mikono mirefu na mabomu ya kutuma kwa posta. Kwa hiyo mtoto akikua na kutaka kumtafuta baba, anatafuta jina ambalo halijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote cha Afrika Kusini. Namfahamu mmoja, sasa ni mtu mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Ana picha ya rangi iliyopauka, baba yake amevaa kofia ya kijani mbele ya ghala. Nyuma imeandikwa jina, na jina hilo halina kazi yoyote. Nionyeshe mwandishi wa filamu anayeweza kutunga kitu kigumu kuliko hicho.

Nakumbushwa pia suala la gharama. Hapa ndipo mtu wa banda anaweza kumsaidia msomi. Filamu ya maandamano ni ghali: unahitaji maelfu ya watu, sare za 1976, magari ya polisi ya zamani, barabara ya kufunga siku nzima. Filamu ya waliokimbia maandamano ni bei rahisi. Unahitaji bweni, jiko, darasa, shamba la mahindi, na watu ishirini wanaojua kuigiza. Majengo yapo, yanatumika hadi leo. Milima ya Uluguru iko palepale haidai malipo. Makaburi yapo, yametunzwa, na wanafunzi wa chuo wanapita karibu nayo wakienda vipindini. Serikali ina Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, ambayo mpaka sasa nimeiona zaidi kwenye makongamano kuliko kwenye skrini. Nyaraka za shule zilihifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, kwa hiyo mtafiti atapanda ndege. Hiyo ndiyo gharama kubwa ninayoiona.

Kingine ambacho filamu hiyo ingelazimika kukisema, na wakubwa hawatakipenda, ni kwamba Mazimbu haikuwa peponi. Vijana waliotoka kwenye risasi wakiwa na hamu ya kurudi na bunduki waliambiwa wakae chini wasome baiolojia. Walichoka, walikunywa, waligombana na viongozi wao, waligombana na sisi. Mjini kuna waliowaona wanaringa kwa sababu ya nguo za misaada kutoka Ulaya. Kuna ndoa zilizovunjika. Mwongozaji akiyafuta hayo atatupa wimbo mwingine wa taifa, na tunazo za kutosha. Aige pale banda langu palipokuwa na ubishi: mmoja anasema Soweto, mwingine anasema Durban, na picha imesimama inawasubiri.

Juni 16, 2026 ni miaka 50 tangu siku ile. Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo OAU iliianzisha kwa kumbukumbu yake na ikaanza kuadhimishwa 1991, itakuwa na hotuba, fulana na Sarafina! saa tatu usiku. Nina ombi dogo kwa wakuu wa vipindi. Irusheni, watu wacheze, mimi mwenyewe nitacheza. Lakini kabla yake wekeni nusu saa ya mtu wa Mazimbu akisema kwa Kiswahili alichokiona. Si waziri wala mhadhiri. Mtafuteni aliyekuwa anapika. Waliokuwa na miaka 25 shule ilipofunguliwa sasa wamepita 70, na mtafsiri wangu tumeshamzika. Yule mama wa mihogo yupo Kihonda, anasikia vizuri, na bado anasisitiza lile lilikuwa kovu la jikoni.